Mangi wa Handeni

Siku hizi huwezi kushika simu dakika tano bila mtu kujitokeza kukushauri. Wa wiki hii ni bwana mmoja mwenye sauti nzito na kinanda kinacholia nyuma yake. Shemeji yangu kanirushia sauti yake bila salamu wala maelezo. Bwana huyo anasema mfanyabiashara mwenye akili hukaa kwanza akaandika maisha anayotaka kuishi: ataamka saa ngapi, atakula na nani, wanawe atawaona wakati gani. Akishamaliza, ndipo anatafuta biashara ya kuendana na maisha hayo. Wengine wote, anasema, walianza na biashara, na sasa biashara inawaburuza. Hapo anacheka kidogo. Mimi nilimsikiliza simu ikiwa imeegemea katoni la sabuni, nampimia mtoto mafuta ya kula ya mia tano, na kile kicheko nikakiona kabisa kimenilenga.

Haya, nikaandika. Nyuma ya risiti ya unga, lakini nikaandika. Wala sikutaka makubwa. Hamna gari humo, hamna ghorofa, hamna Dubai. Nataka kunywa chai nimekaa. Nataka kulala kidogo baada ya chakula cha mchana, alivyokuwa akilala marehemu baba kule Handeni maisha yake yote bila kumwomba mtu ruhusa. Nataka kufika harusini pilau likiwa bado lipo. Na nataka kuumwa. Ndiyo, kuumwa homa ya kawaida ya watu wazima, nilale, nijifunike, niletewe uji, watu wapite kunipa pole; siyo hii homa yangu ya kutetemeka juu ya kreti la soda huku nauza vocha, na mteja ananiambia, "Mangi, leo unaonekana umechoka. Hebu niongezee na jojo."

Hilo la Mangi nalo tulimalize. Mimi ni Mzigua. Nina duka la rejareja Mbagala: fremu moja, dirisha la nondo, friji, na benchi la nje linalokaliwa na watu wasionunua kitu. Lakini Dar es Salaam kila mwenye duka la mtaani ni Mangi, hata awe ametokea Mtwara, kwa sababu Wachaga ndio waliotutangulia kwenye haya madirisha. Mwanzoni nilikuwa nasahihisha. "Mimi si Mchaga, kwetu Handeni." "Sawa Mangi, nipe mkate." Nikaacha.

Sasa nirudi kwa bwana wa kinanda. Kuna jambo ambalo kila mwenye duka analijua, na yeye hakuligusa: saa za kazi hazipangwi na mwenye duka, zinapangwa na bidhaa. Mkate unataka ufungue saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kwani mtoto wa shule hawezi kunywa chai yake saa tatu. Sukari ya robo inaufuata mkate. Saa nne kina mama wanataka nyanya ya kopo, kiberiti na mazungumzo. Saa nane mchana, ile saa ambayo kwenye risiti yangu nimeiandikia "kulala", haji mteja wa maana, lakini ndiyo saa wanayopita wasambazaji: gari la soda, gari la unga, pikipiki ya maziwa. Wakikuta umefunga hawagongi, wanapita, na utawaona wiki ijayo. Jioni ni mchele, maharage na mafuta ya kupima. Halafu usiku ukishatulia, watu wameshakula, mimi nimeshavua viatu, ndipo LUKU inapoisha nyumbani kwa mtu. LUKU haiishi mchana. Mita zote za Mbagala zilikaa kikao zikakubaliana.

Nimejaribu kuzipigia hesabu bidhaa zenye adabu. Saruji ina adabu: hakuna anayekuja usiku wa manane kuomba mfuko wa saruji. Sare za shule zina Januari yake, ukishaivuka unaweza hata kusafiri. Vitenge navyo vinanunuliwa na watu waliokwishaoga na kupumzika. Tatizo ni kwamba bidhaa zenye adabu zinataka mtaji mkubwa, na mtaji wangu ulipofika sokoni ulitosha mkate, sukari na sabuni za vipande. Kwa hiyo ukitaka kujua mfanyabiashara ana fedha kiasi gani, usimwangalie gari. Muulize analala saa ngapi.

Usidhani unaweza kufunga tu ukalala. Mtoto wa Mbagala hagongi duka kwa mkono. Anagonga nondo kwa sarafu ya mia mbili, tena kwa mdundo wa ngoma, na ule mlio unapenya mlango, unapita katikati ya magunia, unafika chumba cha nyuma nilikolala na kuingia kwenye jino.

"Mangiii!"

"Tumefunga."

"Mama kasema unipe sukari robo."

"Mwambie Mangi kafunga."

"Kasema utasema umefunga."

Utafanyaje? Unaamka, unapima. Na ukishapima anakukabidhi ile noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nane, ina jasho, na chenji huna, kwa hiyo sasa mko macho watu watatu: wewe, mtoto, na jirani uliyemgongea kumwomba akuvunjie.

Halafu kuna uwakala. Mwaka 2007 yalitokea mambo mawili duniani. Kule Marekani, Timothy Ferriss alitoa kitabu kiitwacho The 4-Hour Workweek, kinachomfundisha mtu kufanya kazi saa nne kwa wiki na siku zilizobaki akazunguke dunia. Mwaka huohuo, hapo Kenya, Safaricom ikaanzisha M-Pesa, na mwaka uliofuata huduma ikavuka mpaka ikaja kwetu. Kitabu hakikufika Mbagala. M-Pesa ilifika.

Tangu hapo duka halijawa duka tena, limekuwa benki isiyo na mlinzi wala kiyoyozi. Mtu anataka kutoa laki mbili saa tatu na nusu usiku, na ukimwambia keshi imeisha anakutazama kana kwamba umezila. Siku nikiwa na keshi, float hakuna. Siku nikiwa na float, keshi hakuna. Siku nikiwa na vyote viwili, mtandao unasumbua. Na mteja wa kutuma hela hatumi kimyakimya. Lazima akueleze ni ya nani, ya nini, na kwa nini yule kaka yake mkubwa mwenye uwezo hachangii. Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza, watu walikuja dirishani kunigombeza mimi, Mzigua wa watu, utadhani nilikuwamo bungeni nikanyoosha mkono. Septemba zilipopunguzwa, hakuna hata mmoja aliyekuja kunipa hongera.

Bwana wa kinanda anasema pia biashara iendane na "wewe ulivyo". Hapo ndipo aliponiudhi kweli. Mimi nilivyo hakuna anayejua. Mwenye duka hana timu: nina wateja wa Simba na wateja wa Yanga, na wote wanakula ugali. Nikivaa jezi Jumamosi, Jumapili nusu ya mikate inalala. Kwa hiyo mtu akiniuliza, nasema napenda mpira mzuri. Chama, hivyohivyo: napenda amani. Mume na mke wa nyumba ya tatu wakigombana, mke anakuja kunisimulia akinunua chumvi, mume anakuja kunisimulia akinunua sigara, na mimi kazi yangu ni kusema "mh!" kwa wote wawili, ile "mh!" isiyoegemea popote. Nina maoni makali sana kuhusu ile ndoa. Nitazikwa nayo.

Hata harusini duka linanifuata. Mwaka jana nilijikaza, nikafunga mapema, nikavaa kanzu yangu nzuri, nikafika ukumbini pilau likiwa bado linafuka moshi. Sijamaliza kunawa, mama mmoja kaniinamia sikioni. Nikajua ananiuliza habari za nyumbani. "Mangi, unavunja elfu kumi? Nataka elfu moja moja nikamtunze bibi harusi." Nikampa. Kumbe nimejitangaza. Wakaja wengine, wamepanga foleni kwenye meza yangu, na kati yao wamo wanaolala kwenye daftari langu tangu Pasaka, leo wanamwaga noti mbele ya ngoma, na mimi ndiye ninayewavunjia. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilisema "mh!"

Lakini sitaki mtu adhani nabisha kwa kuwa nimeshindwa tu. Wapo walioweza. Nimewachunguza kwa wivu mkubwa.

Wa kwanza ni hao Mangi wenyewe, wa kweli. Ikifika katikati ya Desemba Mchaga anashusha shata, anabandika karatasi, anaondoka zake Rombo, Marangu, Machame, Kibosho, kula Krismasi kwao. Hamwombi mtu radhi. Nauli zinapanda, mabasi yanajaa, na Desemba 2019 hata treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ikafufuliwa baada ya kulala zaidi ya miaka 20. Mteja wa Mchaga halalamiki. Anajua ni Desemba. Mimi sasa, ninayelibeba jina mwaka mzima, wakati ambao lingenifaa ndipo linaponisuta. "Mangi, bado upo? Hujaenda kwenu?" Wananiuliza kwa mshangao huku wanapanga foleni, kwa maana wenzangu wakishaondoka wateja wao wote wananiangukia. Desemba ndiyo mwezi ninaouza kuliko yote na kulala pungufu ya yote.

Wa pili wako Maskati. Nina binamu aliyehamia huko kwa ndugu zetu wa Unguja, anafanya kazi kwenye duka la vitambaa. Ananiambia adhuhuri ikipita wanafunga, wanakwenda kula na kulala, wanafungua tena alasiri jua likishapoa. Mji mzima, anasema, kimya. Ukipita na fedha mkononi saa hiyo unaonekana wewe ndiye mwenye matatizo. Mji Mkongwe nao una maduka ya mtindo huo.

Wa tatu ni wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, na hawa ndio walioniumiza zaidi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa: samaki wanaufuata mwanga, wavu unawasubiri. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, dagaa hawaji, wavuvi wanapumzika hadi mwezi ufifie. Kila mwezi. Likizo yao imetundikwa angani, hakuna bosi wa kuipinga wala mteja wa kuigongea sarafu.

Ukiwatazama hawa wote, hakuna hata mmoja aliyekaa na kalamu akaandika maisha anayoyataka. Wanapumzika kwa sababu wanapumzika wote. Mchaga anafunga kwa kuwa Mchaga mwenzake naye kafunga. Muuza vitambaa wa Maskati analala kwa kuwa mshindani wake wa duka la pili anakoroma. Mvuvi hana wasiwasi kwamba mwenzake katoka kimyakimya, maana mwezi unamzuia naye. Wajerumani, watu wasiopenda kubahatisha, hilo waliliwekea sheria kabisa mwaka 1956: duka lifungwe jioni, Jumapili lisifunguliwe, wachache tu wakasamehewa. Basi mapumziko ya mwenye duka yamo mikononi mwa mwenye duka wa ng'ambo ya barabara. Bwana wa kinanda amezungumza dakika kumi na nane na huyo jirani hakumtaja hata mara moja.

Wa kwangu ni Mpemba. Tunasali msikiti mmoja, tunaazimana chenji, tumeuguziana watoto, na kwenye biashara hatuaminiani hata chembe. Nikamfuata Ijumaa moja baada ya swala.

"Sheikh, tunauana bure. Mimi sifungi kwa sababu wewe hujafunga, na wewe hufungi kwa sababu mimi sijafunga. Tufunge wote saa tatu usiku."

Akafikiri sana. "Na mwenye shida ya dawa ya mbu?"

"Leo atang'atwa. Kesho atanunua mapema."

Akacheka, tukapeana mikono, tukanywa kahawa na kashata, na kahawa akalipa yeye.

Usiku huo, saa tatu kamili, nikazima taa. Naye akazima. Upande wetu wa mtaa ukawa kiza kitupu, na mimi nikabaki dukani kidogo, si kwa ubaya, kuhakikisha tu. Hazikupita dakika nyingi nikasikia ng'ambo, humo kizani, kopo la kupimia linachota sukari. Kopo likiingia kwenye gunia la sukari lina sauti yake, haifanani na ya mchele wala ya unga, na miaka yote hii siwezi kuikosea. Nikatoka nikavuke nimkamate. Katikati ya barabara nikakumbana naye, anakuja kwangu.

"Mangi, mbona nasikia chenji zinalia kwako?"

"Yule mteja alikuwepo tangu kabla ya saa tatu. Namalizia."

"Hata wangu."

Tukasimama pale, kila mtu na heshima zake. Kisha tukarudi tukawasha taa, tukauza hadi saa tano.

Ningeweza kumvumilia Mpemba, maana angalau naye ni mtu mzima, mgongo unamuuma. Lakini kijana mmoja kafungua duka la tatu kwenye kona, lina spika, lina taa za rangi, na bango "Saa 24". Mapema mwaka 2025 Kariakoo walizindua biashara ya usiku na mchana, kwa sherehe na viongozi. Sisi Mbagala hakuna aliyetuzindua, tumejikuta tumo. Kijana ana miaka ishirini na kitu. Anakunywa kinywaji cha kutia nguvu saa saba usiku na kuimba. Nilimwendea kwa upole wa kizazi, nikamuuliza, "Mwanangu, maisha unayoyataka wewe ni yapi?" Akaniambia, "Mjomba, ni haya." Sasa mtu wa namna hiyo utashindana naye vipi?

Ukiondoa ile saa ya swala ya Ijumaa, likizo inayoheshimiwa mtaani kwetu na pande zote ni moja tu: Simba na Yanga. Siku ya watani hakuna anayenunua kitu, kwa hiyo hakuna anayeuza, kwa hiyo naweza kwenda kibanda umiza nikabanwa na wenzangu kwenye benchi na kupenda mpira mzuri. Machi 8, 2025 ilikuwa Jumamosi, tena ndani ya Ramadhani. Tulipatana mimi na Mpemba kabisa: tukifuturu tu, tunafunga, maana mechi ilikuwa usiku. Hata kijana wa kona alipunguza spika. Nikaandika bango, nikalibandika tangu asubuhi ili watu wajipange.

Mchana habari zikaenea kwamba mechi imeahirishwa. Mtaa mzima ukafuturu, ukashiba, ukajikuta hauna mpira, na mtu aliyenyimwa mpira hula vitafunio hovyo. Mimi nilishasema nimefunga, nikaona nisibadili, nikajilaza.

Sarafu.

"Mangi, baba kasema mechi haipo."

"Nimesikia."

"Kasema basi fungua."

Nilipofungua, Mpemba alikuwa ameshauza mikate yote ya daku.

Mechi yenyewe ilichezwa Juni 25, Jumatano, na jioni hiyohiyo gari la unga, ambalo huja saa nane, likaona ndiyo saa ya kufika. Yanga walishinda 2–0. Nimeambiwa.